UZI: Kuomba hifadhi mara ya pili na ya tatu Uingereza, jaji anaangalia nini na lini anasema unaichezea mahakama

Mkalimani wa Kaskazini (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, mwenye haraka aweke alama arudi baadae.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili huku Uingereza, nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 15, kwenye mahojiano ya Home Office yaani wizara yao ya mambo ya ndani, na kwenye tribunali za uhamiaji, yaani mahakama maalum zinazosikiliza rufaa za uhamiaji. Sio wakili. Ila ukikaa kila wiki katikati ya jaji na mtu anaetetea maisha yake unatafsiri neno kwa neno, sheria inakuingia hata kama hukwenda kuisomea, na hukumu zao kubwa ziko wazi mtandaoni, mimi nazisoma usiku.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja alienitumia karatasi zake za maelezo ya ziada, yaani zile unazopeleka ukishakataliwa na rufaa zimeisha. Kalipa hela ndefu kwa mtu anaejiita mshauri wa uhamiaji. Nimezisoma mpaka ukurasa wa tatu nikasimama. Panasema akirudishwa Zimbabwe atakamatwa uwanja wa ndege. Kijana ni Mrundi, Zimbabwe hajawahi hata kukanyaga. Yule mshauri alichukua faili la mteja mwingine akabadilisha jina juu akasahau kubadilisha nchi ndani, na kijana Kiingereza hakijui vizuri akasaini. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kupeleka, mbili za mwanzo kapeleka huyohuyo mtu, na zote ukizilinganisha ni maneno yaleyale yamepangwa upya tu.

Sasa huyu kijana ana hoja ya kweli kabisa, nitaisema huko mbele. Inaweza kuzama kwa sababu ya takataka zilizoitangulia.

Tuanze na jambo linalopotoshwa kuliko yote. Kuomba mara ya pili SIO kosa. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kifungu cha 33 unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini, na hilo katazo haliishi muda wake eti kwa kuwa ulishakataliwa mara moja. Mwaka 1996 kwenye kesi ya Onibiyo, ya Mnigeria, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza chini ya jaji Bingham ilisema wajibu wa nchi unaendelea kuwepo muda wote ambao mtu bado yupo. Na akili inakubali hilo, mtu anaweza kukataliwa Januari kwa haki kabisa, Juni serikali ya kwao ikapinduliwa, je utamwambia ulishapata nafasi yako?

Ila kesi hiyohiyo ndo ikaweka kipimo, na leo kipimo kimo kwenye kanuni zao za uhamiaji aya ya 353. Maswali ni mawili. Hiki unacholeta kilishaangaliwa au bado? Na ukikiweka pamoja na yale ya zamani, je pana uwezekano wa kweli kwamba jaji wa tribunali atakubaliana nawe safari hii? Yote mawili yakijibiwa vizuri inaitwa dai jipya, na hata wakikukataa unapata haki ya kukata rufaa. Moja likikwama wanasema hili sio dai jipya, na hapo rufaa huna. Kilichobaki ni mapitio ya mahakama tu.

Na hapa watu wengi sana wanapotea, kwa hiyo nasema polepole. Jaji wa mapitio haulizwi kama wewe ni mkimbizi. Hasikilizi ushahidi wako upya, hakuiti ukae kwenye kiti ueleze ulivyopigwa. Anaangalia ule uamuzi wa Home Office: walijiuliza swali sahihi? Waliangalia kwa uangalifu unaostahili? Kesi ya WM, Mkongo wa DRC, ya mwaka 2006 inasema Home Office hawatakiwi kujiuliza "sisi tunamwamini huyu?", wanatakiwa kujiuliza "je jaji mwingine anaweza kumwamini?". Ni kizingiti cha chini kuliko watu wanavyodhani, mahakama yenyewe ilisema ni cha kawaida tu. Ukishinda mapitio hupewi makaratasi siku hiyo, faili linarudi waamue tena.

Hilo neno uangalifu lina historia inayotugusa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1987 mahakama ya mabwana, ndo ilikuwa ya juu kabisa enzi zile, ilisikiliza kundi la kesi linaloitwa Bugdaycay. Ndani yake alikuwemo Mganda anaitwa Musisi, alikimbilia Kenya kabla ya kufika Uingereza, na Home Office wakataka kumrudisha Kenya. Tatizo kulikuwa na ushahidi kwamba Kenya ilishawahi kuwakabidhi Waganda waliokimbia kwa serikali yao. Waamuzi wa Home Office hawakulipima hilo sawasawa na majaji wakaufuta uamuzi. Jaji Bridge akasema pale ambapo uamuzi wa ofisi unaweza kuweka roho ya mtu hatarini lazima uchunguzwe kwa hofu na umakini wa hali ya juu kabisa. Hiyo sentensi inanukuliwa mpaka leo. Mimi binafsi nimeitafsiri kwa Kiswahili mara nyingi sana mbele ya watu waliokuwa wanatetemeka.

Nitaendelea, ngoja nione kama kuna mwenye swali.

---

Baba Nuru

Mkuu asante kwa elimu ila tuseme ukweli wote. Mimi niko huku tangu 2001 na nimeona wabongo wangapi wamejilipua, yaani wamejifanya wakimbizi, kama Warundi au Wasomali? Mtu katoka Tanga anasema katoka Kismayu. Akikataliwa anabadilisha, sasa ana ugonjwa, akikataliwa tena kaingia siasa, akikataliwa tena kaokoka. Halafu yule alietoka kweli vitani foleni yake inakuwa ndefu na anaangaliwa kwa jicho la wizi. Inaniuma sana kwa sababu mke wangu alikuja na vidonda mwilini, alisubiri miaka minne. Hawa watu wanaoichezea mahakama wamemuumiza mke wangu.

---

Mkalimani wa Kaskazini

Baba Nuru pole sana kwa mlichopitia, pole kwa mama nae. Ulichosema kipo na siwezi kukificha, nimekaa kwenye vyumba hivyo nikasikia mtu anasema katoka Bujumbura na Kirundi salamu tu hajui. Uongo wa namna hiyo unawaumiza wakweli, hilo halina mjadala.

Lakini naomba tutenganishe vitu viwili. Uongo ni jambo la ushahidi, jaji anaupima. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza kwenye kesi ya MA, Msomali, ilieleza kwamba uongo hauna uzito mmoja, watu wanadanganya kwa sababu tofauti tofauti, na wakati mwingine ushahidi mwingine wa nje una nguvu kiasi kwamba ule uongo haubadilishi kitu. Ila ni kweli pia kwamba kwenye kesi hiyohiyo walioshinda ni Home Office. Kwa hiyo anaedhani atadanganya leo kisha arekebishe kesho asijipe moyo.

Kuna na kesi ya mwaka 2002 ya Devaseelan, Mtamili wa Sri Lanka, kila mkalimani anaijua hata usingizini. Inasema hukumu ya jaji wa kwanza ndo mahali pa kuanzia kwa jaji wa pili. Mambo yaliyotokea baada ya hukumu ya kwanza yanaangaliwa bila shida. Mambo yaliyokuwepo zamani na ukanyamaza yanaangaliwa kwa tahadhari kubwa sana. Kwa hiyo mbongo aliejilipua halafu anabadilisha hadithi haanzi na karatasi nyeupe, anaanza na ile hukumu ya kwanza iliyosema muongo, imekaa mezani.

Halafu hilo la kaokoka na kaingia siasa. Mwaka 1999 kesi ya Danian, Mnigeria, Mahakama ya Rufaa iliulizwa: mtu akijitia kwenye harakati huku ugenini makusudi apate makaratasi, je anyimwe moja kwa moja? Wakasema hapana. Nia yake mbaya inapunguza kuaminika kwake, lakini swali linabaki, akirudi watamuua au hawatamuua? Serikali ya kikatili haikuulizi ulipiga picha kwenye maandamano kwa moyo safi au kwa ujanja. Najua hapo watu wengi wanakasirika. Mimi nilikasirika pia nilipoisoma mara ya kwanza, nikakaa nayo siku kadhaa, na leo naona majaji walikuwa sahihi.

---

Mwanachuo Sheria

Shikamoo mkalimani. Niko mwaka wa tatu sheria. Tulifundishwa kanuni ya Henderson ya 1843, kwamba ukienda mahakamani unatakiwa kuleta kesi yako yote kwa mkupuo, huwezi kuleta kipande leo na kipande kesho, ukifanya hivyo ni matumizi mabaya ya mchakato. Sasa naona kwenye hifadhi ni kama haipo? Mtu analeta vipande miaka kumi.

---

Mkalimani wa Kaskazini

Marahaba. Swali zuri na ndo moyo wa uzi huu.

Henderson ilikuwa ugomvi wa mali. Ukipoteza shamba kwa kuchelewa kusema, umepoteza shamba. Kwenye hifadhi anaepotea ni mtu, ndo maana hiyo kanuni haiingizwi ilivyo. Hata aya ya 353 haisemi kwamba ushahidi uliokuwa nao zamani ukauficha hautaangaliwa kabisa, inauliza kama ulishaangaliwa. Lakini usidhani mlango uko wazi kiholela, Bunge na majaji wameweka mageti mengi tu, nitakutajia yale ninayokutana nayo kazini.

Geti la kwanza ni kifungu cha 96 cha sheria yao ya uraia na uhamiaji ya 2002. Home Office wanakupa notisi mapema, sema sababu zako ZOTE za kutaka kubaki. Usiposema, ukaja nayo baadae bila sababu ya kuridhisha ya kuchelewa, wanaweza kuandika cheti kinachofunga rufaa yako. Angalia hapo, "bila sababu ya kuridhisha". Kila kitu kinaning'inia kwenye sababu, na lazima waipime kabla ya kuandika hicho cheti.

Kingine, tangu 2013 jaji wa mapitio akisoma ombi lako akaona halina mashiko hata chembe anaandika hivyo hivyo, na ukiandikiwa maneno hayo huna haki ya kwenda kusimama mbele ya jaji uombe kwa mdomo. Inaishia kwenye karatasi, inabaki kuomba Mahakama ya Rufaa tu. Kulikuwa na ubishi maneno hayo yana maana gani, mwaka 2014 kwenye kesi ya Grace wakasema maana yake ni ombi ambalo lazima lishindwe, hata kama aliepeleka hakuwa na nia mbaya. Ukirundika maombi ya namna hiyo mahakama inaweza kukuwekea amri ya kukuzuia kufungua mengine bila kibali.

Halafu kulikuwa na njia ya pembeni watu wakiitumia sana. Ukinyimwa ruhusa ya rufaa na Tribunali ya Juu, yaani ngazi ya pili ya zile tribunali, unaomba mapitio dhidi ya ile tribunali yenyewe. Mahakama ya Juu iliiruhusu kwa masharti mwaka 2011 kwenye kesi ya Cart. Bunge likaifunga kwa sheria ya 2022, imebaki kwa mambo machache mno. Mimi hilo lilinisikitisha, kwa sababu wachache waliookolewa na ile njia hawakuwa na njia nyingine, na ukisema ni wachache sana kati ya wengi, basi nenda kamwambie mmoja wao hivyo usoni.

Na geti ninalolipenda kuliko yote linawahusu mawakili wenyewe. Mwaka 2012 kwenye kesi ya Hamid mahakama kuu ilichoka na mawakili wanaopeleka maombi matupu dakika za mwisho kabla ya ndege, wengine bila hata kueleza kwanini wamechelewa. Ikasema kuanzia sasa wakili wa namna hiyo ataitwa ajieleze mbele ya mahakama ya wazi, na anaweza kupelekwa kwa chombo kinachosimamia taaluma yake. Mpaka leo wanaitwa. Kinachoitwa kuichezea mahakama kwa kiasi kikubwa ni biashara ya watu wenye ofisi na mihuri. Mteja mara nyingi hajui hata kilichoandikwa. Yule kijana wangu wa Zimbabwe ya karatasini angesimama mbele ya jaji angeonekana yeye ndo mdanganyifu.

---

Mwana wa Visiwani

Mkuu hapo juu imetajwa Kismayu, sasa inanigusa. Mimi ni Mbajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia. Nilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya LUGHA. Walinirekodi kwa simu, ikaja ripoti inasema Kiswahili changu ni cha Kenya. Mimi nimelelewa kambini Mombasa baada ya vita ya 1991, ulitaka niongee vipi? Nilivyopeleka maelezo ya ziada walisema lugha ilishaangaliwa. Je hapo napigana vipi?

---

Mkalimani wa Kaskazini

Mwana wa Visiwani pole ndugu yangu. Hii habari yenu nimeishi nayo, na inaniuma kwa sababu inatumia lugha yetu sote kumkata mtu.

Kwa wasiojua, Wabajuni wako pande zote za mpaka, visiwa vya huku Kismayu na kule Lamu, Kiwayu, Kizingitini. Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili. Somalia ilipovunjika 1991 Wabajuni hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda, wakaporwa na kufukuzwa, wengi wakaishia Kenya miaka na miaka, watoto wakakua wanaongea kama majirani zao. Wakifika Uingereza wanaulizwa Kibajuni.

Home Office walikuwa wakitumia kampuni ya Sweden inaitwa Sprakab, mtu anaongea kwenye simu, mchambuzi ambae jina lake halitajwi anasikiliza anasema huyu wa wapi. Kuna kesi ya RB, aliesema ni Mbajuni wa Somalia, ripoti ikasema Kiswahili chake cha Kenya, na 2012 Mahakama ya Rufaa ikakubali ripoti zile zipewe uzito mkubwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu kwenye kesi za MN na KY ikarekebisha. Haikuzikataza ripoti, lakini ilisema tribunali haziwezi kupewa maelekezo ya jumla kwamba ripoti hizi zina uzito fulani, kila moja ipimwe yenyewe, na mchambuzi wa lugha asitoe maoni kuhusu mambo nje ya utaalamu wake, kwa mfano eti huyu mtu anaonekana hajui kijiji chake.

Kwa hiyo swali kwako. Ripoti yako na hukumu yako ni za kabla ya 2014 au baada? Kama ni kabla, mabadiliko ya sheria yenyewe yanaweza kuwa sehemu ya hoja yako mpya. Na je ulileta kitu kingine zaidi ya kusema "ripoti imekosea"? Maana hapo ndo watu wanakwama, wanarudia ubishi uleule. Kitu kipya ni kama mtaalamu wa Kiswahili wa kujitegemea anaeeleza mtoto aliekulia kambini Mombasa anaongeaje na kwanini. Au mzee wa kisiwani kwenu mwenye hadhi ya ukimbizi tayari anaekujua wewe na wazazi wako, aandike na awe tayari kuja kuhojiwa. Barua ya "namfahamu ni mtu mwema" isiyo na mwandishi wa kuhojiwa haina kazi.

---

Mwana wa Visiwani

Hukumu yangu ni 2011. Hakuna alieniambia kuhusu hiyo ya 2014. Hakuna.

---

Mkalimani wa Kaskazini

Ndo maana naandika. Nitumie inbox nikuelekeze kwa kituo cha msaada wa kisheria, bila malipo.

Ngoja niongeze mfano mkubwa zaidi wa hili. Kabla ya Julai 2010 mtu wa mapenzi ya jinsia moja alikuwa anaweza kukataliwa kwa kuambiwa rudi kwenu uishi kwa siri hakuna atakaekujua. Mahakama ya Juu kwenye kesi za HJ wa Iran na HT wa Cameroon ikasema kama mtu anajificha kwa kuogopa kuteswa basi anastahili hifadhi, humwambii ajifiche. Ukiwa ulikataliwa 2008 kwa sababu ile, ukaja tena 2011 na maisha yaleyale, hadithi ileile, je unaichezea mahakama? Hujabadilisha neno hata moja, ila sheria ndo imekiri ilikosea. Tazama na wagonjwa. Kizingiti cha kutorudishwa kwa ajili ya ugonjwa kilikuwa karibu na kitanda cha kufa, mahakama ya Ulaya ikakilegeza Desemba 2016 kwa kesi ya Paposhvili, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikafuata Aprili 2020 kwa AM wa Zimbabwe. Watu walioomba tena baada ya hapo walikuwa na kila haki.

---

Baba Nuru

Hapo kwa kweli sikuwahi kufikiria. Ila hebu nijibu hili, kwanini wengi wanasubiri mpaka tiketi ya ndege imetoka ndo wanakumbuka wana hoja? Hilo ndo linaudhi watu.

---

Mkalimani wa Kaskazini

Wengine ni kununua muda, ndio, na Hamid ililenga hao. Wengine ni kwamba wakili wa bure hawakumpata mpaka walipowekwa kizuizini, huko ndo kuna zamu za mawakili. Na mwingine hakujua siku. Kulikuwa na sera ya Home Office kwamba ukishapewa notisi, muda mfupi tu ukipita linafunguka dirisha la hadi miezi mitatu ambapo wanaweza kukuchukua siku yoyote bila kukwambia tena. Oktoba 2020 kwenye kesi ya FB, Mwafghanistan, Mahakama ya Rufaa ikasema sera hiyo ni haramu kwa sababu mtu angeweza kupakiwa kwenye ndege kabla hajaweza kufika mahakamani. Kwa hiyo ule ukimya na ile haraka wakati mwingine vimetengenezwa na ofisi yenyewe halafu mtu analaumiwa kwa kuchelewa.

---

Mdau wa Vienna

Huku Austria je? Rafiki yangu ni Muirani kabadili dini baada ya kukataliwa wakamwambia umejitengenezea mwenyewe.

---

Mkalimani wa Kaskazini

Mkuu hiyo ni kama kesi yenyewe iliyotoka Austria kwenda mahakama ya Umoja wa Ulaya, inaitwa JF, Februari 2024, nae Muirani aliebadili dini. Mahakama ilisema nchi haiwezi kudhania moja kwa moja kuwa ni ujanja, kila mtu aangaliwe binafsi, na hata pakionekana kweli kuna ujanja bado kinga ya kutorudishwa kwenye mateso inabaki pale pale, ingawa anaweza kukosa hadhi ya ukimbizi. Akamwonyeshe wakili wake. Nchi nyingine ni ngumu zaidi, Australia sheria yao kifungu cha 48A kinamzuia aliekataliwa kuomba tena akiwa ndani ya nchi, mpaka waziri mwenyewe aamue kumfungulia. Pale kila kitu kimewekwa mikononi mwa mtu mmoja ambae halazimiki kufungua. Mimi hilo silikubali hata kidogo.

---

Dada wa Ziwa Kivu

Nimesoma yote nimeamua kuandika. Mimi natoka Kivu Kusini. Mahojiano ya kwanza mkalimani alikuwa mwanaume, wa kwetu, na mume wangu alikuwa nje anasubiri. Nilisema tulichomewa nyumba. Sikusema kilichonipata mimi. Nilikataliwa, jaji alisema naongea kwa jumla jumla sina undani. Sasa miaka sita imepita, mshauri nasaha wangu anasema niseme. Naogopa wataniambia naichezea mahakama, ningekuwa mkweli ningesema tangu mwanzo.

---

Mkalimani wa Kaskazini

Dada yangu asante kwa kuandika, najua haikuwa rahisi. Samahani pia kwa niaba ya kazi yangu, maana mkalimani alikuwa sehemu ya tatizo.

Kunyamaza kwako hakukufanyi mdanganyifu. Majaji wanajua wanawake hawasemi mambo haya siku ya kwanza mbele ya mwanaume wa kabila lao. Ile tahadhari ya Devaseelan inapungua pale ambapo kuna sababu nzuri ya kutosema. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kueleza KWANINI hukusema, kwa undani uleule utakaoeleza kilichotokea. Nani alikuwa chumbani. Mumeo alikuwa wapi. Ulikuwa unaogopa nini kama angejua. Lini ulimwambia mtu kwa mara ya kwanza maishani, na ni nani. Mshauri wako ana kumbukumbu za vikao zenye tarehe, hizo ni dhahabu, kwa sababu zinaonyesha ulianza kusema kabla ya kufikiria makaratasi.

Usiandike mwenyewe wala usimpe mshauri wa mtaani. Tafuta wakili wa msaada wa kisheria, omba mwanamke na mkalimani mwanamke, ni haki yako kuomba. Omba ripoti ya daktari kutoka kwa wataalamu wa makovu na majeraha ya akili, na ripoti ipelekwe PAMOJA na maelezo, sio ifuate baadae. Ukipeleka kidogo kidogo, kila kipande kinachokataliwa kinakuwa kitu "kilichoshaangaliwa" na kinakula nguvu ya kinachofuata. Ndo kilichompata yule kijana Mrundi. Kaka yake alikamatwa kwao mwaka jana, ana hati ya mahakama ya kule, ndo hoja yake ya kweli, na imefukiwa ukurasa wa tisa chini ya Zimbabwe.

---

Dada wa Ziwa Kivu

Nakala ya mahojiano ya kwanza sina. Nilizitupa karatasi zote.

---

Mkalimani wa Kaskazini

Wakili wako ataiomba Home Office, unayo haki ya kupata taarifa zako, usilipie mtu yeyote kwa hilo. Zikifika soma na mtu unaemwamini, uone tafsiri ilivyoandikwa. Angalia hasa pale ulipoulizwa "kuna kitu kingine ungependa kuongeza?" na wewe ukajibu nini.

---

Dada wa Ziwa Kivu

Nakumbuka. Niliuliza kama mume wangu atasoma. Mkalimani hakutafsiri, alisema jibu ndio au hapana.

---

Mkalimani wa Kaskazini

Mwambie wakili neno kwa neno kama ulivyoandika hapa. Kama mahojiano yalirekodiwa sauti, aombe sauti yenyewe, sio maandishi tu. Sauti ikipatikana mimi nitaisikiliza na kuitafsiri upya bila malipo, na nitasaini jina langu.